Mnara wa Katikati

Kilomita nne na nusu, kutoka zahanati
hadi mdomo wa bonde, waya unapoishia.
Kwenye karatasi ni mstari mmoja wa penseli.
Niliweka rula, nikasema: leza hapa, jicho la kupokea kule,
Novemba itatukuta tumemaliza.

Novemba ilitukuta. Ilikuja na ukungu wake.

Mwale uliondoka mwembamba kama uzi wa sindano,
ukafika ng'ambo mpana kama shuka,
umechoka, umetawanyika, umesahau ulichotumwa.
Daktari Nanuli alituma picha ya mapafu ya mtoto;
hospitali ya Zugdidi wakapata mbavu tatu, kisha giza.
Alinijia na theluji mabegani. Hakunilaumu.
Aliuliza tu: "Mbavu nyingine ziko wapi?"

Ziko hewani, daktari. Matone yamezinywa.
Ukungu hautozi ushuru mara moja mlangoni:
kila mita mia mbili huchukua nusu ya kilichobaki,
halafu nusu ya hiyo nusu,
hadi msafiri anaingia mjini na kiganja kitupu.
Niliongeza nguvu ya leza maradufu, nikajipongeza.
Nilipata mita mia mbili zaidi.
Mia mbili!

Dawa ilikuwa kuikata safari,
mwale upumzike katikati, uvae nguo mpya, uendelee.
Na katikati palikuwa na mnara mmoja tu,
wa mawe, wa mababu, wa mzee Bidzina,
ambaye kwa miaka thelathini na moja
hajasema neno na ukoo wa Nanuli,
kwa kuwa ami yake Nanuli
alimpiga risasi fahali wake, mwaka wa mafuriko.

Nikapanda mlima, nikashuka mlima.
Mjumbe hauawi, wamesema wahenga;
hawakusema kama hachoki.
Mara ya kwanza nilibeba kila kitu:
maneno, matusi, kikohozi, jinsi alivyotema mate,
na kwa woga wangu nikayasema kwa sauti kubwa kuliko yake.
Jibu nalo nikalipandisha hivyo hivyo.
Kufikia Alhamisi wale wawili walichukiana upya,
kwa sauti yangu.

Usiku ule, nikikaza skrubu kwenye sanduku,
niliikumbuka kanuni niliyoifaulu chuoni Kutaisi
bila kuielewa: kituo kinachokuza tu
hukuza na kelele.
Kituo bora husikiliza kwanza,
hutenga neno na vumbi la njiani,
kisha hulisema upya, safi, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Nikapanda tena. Nikakaa. Nikanyamaza muda mrefu.
Chini ya matusi yote palikuwa na kitu kimoja:
hakuna mtu wa ukoo ule aliyewahi kulitaja jina la yule fahali.

Nikashuka. Nanuli aliacha kufunga bendeji.
"Tsabla," alisema. "Ami alimuua Tsabla.
Alikuwa fahali mzuri. Nilikuwa nikimpa chumvi."
Hilo tu ndilo nililolipandisha.
Sikuongeza "samahani", maana hakuisema.

Bidzina alitazama moto. Alitazama moto.
Kisha akanionyesha ngazi ilipo.

Sasa kioo kimoja kinaelekea zahanati, kingine bondeni,
na asubuhi mzee huvifuta theluji
kwa bawa la bata bukini, bila kulipwa.
Mbavu zote zinafika, hata siku za ukungu mwepesi.
Ule mzito bado unatushinda; sitadanganya.

Wao hawasalimiani. Dukani hupishana kama milango.
Ila juzi aliniuliza, mkono kwenye ukuta wa mawe:
"Maneno yao yanapita humu ndani? Usiku, nimelala?"
"Yanapita."
"Na mimi siyasikii."
"Huyasikii."
Akafikiri, akalisogeza gogo kwa mguu.
"Basi, binti wa Kutaisi, yapite."